Meli ya Watu Twaiona, Kontena Letu Hatulioni

Wahenga walituachia methali fupi yenye uzito wa kitabu kizima: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika makala hii nataka tuitafakari kwa njia ambayo huenda ikaonekana ya ajabu kwa mkazi wa Shinyanga au Geita, kwa maana nitaanza na bahari, nayo iko takriban kilomita elfu moja kutoka Kahama kwa barabara. Nitaanza na meli zinazohudumia visima vya mafuta na gesi, kisha nirudi nchi kavu, kwenye ukanda wetu wa dhahabu. Nina sababu ya kufuata njia hiyo ndefu, nayo itajionyesha.

Kijana aliyeketi kibandani Kahama, mwenye simu ya kawaida na kifurushi kidogo cha intaneti, anaweza leo kuitafuta meli ya huduma inayokwenda na kurudi kwenye mitambo ya mafuta katika Bahari ya Kaskazini, au pwani ya Msumbiji, au popote penye uchimbaji wa baharini. Ndani ya dakika chache atajua jina lake, bendera inayopeperusha, mwaka ilioundwa, urefu na upana wake, kina chake majini, kasi yake ya sasa na bandari inakoelekea. Hatalipa mtu hongo, hataandika barua kwa mkurugenzi, wala hataambiwa arudi Jumatatu.

Meli za aina hii ni punda wa bahari. Daraja la nahodha na vyumba vya mabaharia huwekwa mbele kabisa, na nyuma huachwa sitaha ndefu, tambarare, ya kubebea mabomba na makontena. Chini ya sitaha kuna matangi ya mafuta, maji safi, saruji na tope maalumu la kuchorongea visima. Nyingi zina mtambo wa kompyuta unaoziwezesha kusimama mahali pamoja bila kutia nanga, kwa kusukumana na mawimbi na upepo kwa kipimo, jambo la lazima pale ambapo kina cha maji kinazidi urefu wa mnyororo wowote wa nanga. Watanzania tumewahi kuwa wenyeji wa meli hizo: gesi ilipotafutwa mbali na pwani ya Lindi na Mtwara, katika maji yenye kina cha zaidi ya mita 2,000, bandari ya Mtwara ilikuwa moja ya vituo vyake.

Sasa tujiulize: kwa nini dunia imekubali kwamba mtu baki aijue meli isiyo yake? Jibu halitokani na ukarimu wa wenye meli. Limetokana na sheria. Chini ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, kufikia mwisho wa mwaka 2004 kila meli ya abiria, na kila meli ya kuanzia tani 300 za ujazo inayosafiri kimataifa, ilitakiwa iwe na mtambo wa redio unaojitambulisha wenyewe. Meli ikiwa mwendoni, mtambo huo hutangaza mahali ilipo, mwelekeo na kasi yake kila baada ya sekunde chache. Na kila baada ya dakika sita hutangaza jina, vipimo na safari yake. Lengo la awali lilikuwa kuzuia meli zisigongane. Lakini tangazo la redio halichagui msikilizaji. Antena za pwani na setilaiti zikaanza kuyapokea matangazo hayo, yakakusanywa, yakawekwa hadharani, na siri ya zamani ya bahari ikawa habari ya kila mtu.

Lipo jambo la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko redio, nalo ni nambari. Tangu mwaka 1996 meli kubwa za safari za kimataifa zinatakiwa kuwa na nambari ya utambulisho yenye tarakimu saba chini ya utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO. Nambari hiyo hupewa meli inapoundwa, nayo huifuata mpaka inapokatwa vyuma chakavu. Jina litabadilika, rangi itabadilika, mmiliki atabadilika, bendera itabadilika, nambari haibadiliki. Tena imewekewa mtego wa kumnasa mwongo. Chukua kwa mfano nambari 9074729. Zidisha tarakimu sita za kwanza, moja baada ya nyingine, kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, kisha jumlisha: utapata 139. Tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo ni 9, ndiyo hiyo hiyo inayofunga nambari ya meli. Anayebuni nambari ovyo ovyo anaweza kuumbuliwa na mwanafunzi wa darasa la saba.

Msukuma hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Mfugaji hutia alama ng'ombe wake ili hata akichanganyika na kundi la jirani, au akiuzwa mnadani mara tatu, atambulike alikotoka. Na serikali yetu ilitunga Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo mwaka 2010, na baadaye tukashuhudia ng'ombe wakipigwa chapa wilaya kwa wilaya. Kwa hiyo wazo la kwamba mali inayotembea lazima iwe na alama isiyofutika si la kigeni. Tumelitumia kwa ng'ombe wa mfugaji.

Kwamba nambari ya kudumu ina nguvu kuliko bendera, sisi Watanzania tulijifunza kwa aibu. Mwaka 2012 ilibainika kwamba meli za mafuta 36 zenye asili ya Iran zilikuwa zimesajiliwa chini ya bendera ya Tanzania kupitia rejesta ya Zanzibar, kwa mkono wa wakala aliyekuwa Dubai, wakati Iran ikiwa chini ya vikwazo. Zilikuwa zimebadilishwa majina na bendera, lakini meli ni ile ile na nambari ni ile ile. Waliokuwa wakizifuatilia kutoka mbali waliziona, na usajili wake ukafutwa. Miaka michache baadaye, mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, meli mbili zenye bendera yetu zilikamatwa, moja ikiwa na dawa za kulevya katika eneo la Karibi na nyingine ikiwa na vifaa vya milipuko katika maji ya Ugiriki. Rais John Magufuli akaagiza usajili wa meli za nje usitishwe kwa muda na uchunguzi ufanywe. Katika mikasa yote hiyo, waliogundua kinachofanyika chini ya bendera ya Tanzania hawakuwa Watanzania. Wengine walikuwa wakilisoma daftari letu kabla yetu.

Turudi sasa nyumbani. Bulyanhulu, katika eneo la Msalala, ilianza uzalishaji mwaka 2001. Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ilifuata mwaka 2009. Miamba ya huko ina dhahabu iliyochanganyika na shaba, na sehemu ya dhahabu hiyo haitoki kwa uchenjuaji wa kawaida. Hubaki ndani ya mchanga mzito ambao Watanzania wote waliufahamu mwaka 2017 kwa jina la makinikia. Kwa miaka mingi makinikia yalipakiwa kwenye makontena, yakapita Kahama, Nzega, Singida na Dodoma hadi bandari ya Dar es Salaam, kisha yakavuka bahari kwenda kuyeyushwa ughaibuni. Wananchi wa njia nzima hiyo waliyaona malori. Hakuna aliyeweza kusema ndani ya kontena fulani mlikuwa na nini.

Machi 2017 serikali ilipiga marufuku usafirishaji huo, na makontena 277 yakazuiliwa. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilipima sampuli na kuwasilisha taarifa yake tarehe 24 Mei 2017. Ilisema kila tani ya makinikia ilikuwa na wastani wa gramu 1,400 za dhahabu, ilhali nyaraka za usafirishaji zilionyesha wastani wa gramu 200 hivi. Kampuni ya Acacia, ambayo kwa sehemu kubwa ilimilikiwa na Barrick ya Kanada, ilizikana takwimu hizo na kutaka upimaji huru.

Tufanye hesabu pamoja. Kontena moja lilikadiriwa kubeba tani 20. Kwa kipimo cha kamati, kontena moja lina kilo 28 za dhahabu, na makontena yote 277 yana takriban tani 7.8. Kwa kipimo cha nyaraka, kontena moja lina kilo 4, na yote 277 yana tani moja na ushei. Tofauti kati ya hesabu hizi mbili ni zaidi ya tani sita na nusu za dhahabu. Sina nia hapa ya kuamua nani alisema kweli, wala makala yangu haihitaji uamuzi huo. Ninachosisitiza ni kwamba pande mbili zilikuwa na hesabu mbili za mzigo mmoja, na mwananchi mwenye ardhi ambamo mzigo huo ulichimbwa hakuwa na daftari la tatu la kulitazama. Alitakiwa achague wa kumwamini, kama ashabikiavyo mtu timu ya mpira.

Mgogoro ule ulikwisha mezani. Mamlaka ya Mapato ilikuwa imetoa madai ya dola za Marekani bilioni 190; Oktoba 2017 Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300, serikali ikapata hisa za asilimia 16 katika migodi, na Januari 2020 makubaliano yakatiwa saini yaliyozaa kampuni ya Twiga. Wapo wanaosema tulishinda na wapo wanaosema tulipunjwa. Mimi nasema kwamba mtu hawezi kujua kama ameshinda au amepunjwa iwapo idadi ya kitu kinachogawanywa haijulikani kwake.

Na tusidhani hili ni suala la dhahabu peke yake. Mwaka huo huo wa 2017, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ilizuiliwa shehena ya almasi kutoka Mwadui, Kishapu, iliyokuwa safarini kwenda Ubelgiji. Nyaraka zilionyesha thamani ya dola milioni 14.798, wathamini wa serikali wakasema ni dola milioni 29.5. Kampuni ilikataa kwamba ilidanganya. Mkoa ule ule, mwaka ule ule, madini tofauti, lakini ugonjwa mmoja: hesabu mbili, na hakuna ya tatu.

Ndugu msomaji, mikataba na sheria zetu za sasa zimejaa asilimia. Mrabaha wa dhahabu ni asilimia 6, na juu yake kuna ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Hisa za serikali ni asilimia 16. Ushuru wa huduma unaokwenda halmashauri ni asilimia 0.3 ya mauzo. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji wakubwa wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya kusafishwa nchini na kuuzwa kwa Benki Kuu. Yote haya ni mazuri, na baadhi yalipiganiwa kwa jasho. Lakini asilimia ni sehemu ya kitu. Asilimia 16 ya nini? Asilimia 20 ya ngapi? Usipokijua kizima, kipande nacho hukijui. Unapokea ulichopewa na kushukuru.

Chukua ule ushuru wa huduma, kwa kuwa ndio ulio karibu zaidi na maisha ya watu wa Msalala na Geita. Kila mauzo ya shilingi bilioni moja yanaipa halmashauri shilingi milioni tatu. Fedha hiyo ni madawati, ni choo cha zahanati, ni kisima. Mauzo yakiandikwa pungufu kwa bilioni mia moja, halmashauri imepoteza milioni mia tatu, na diwani aliyeko kikaoni hana namna ya kubaini. Atasomewa jumla iliyoletwa, atapiga makofi, ataondoka. Simlaumu diwani. Tumempa kazi ya kuhesabu bila kumwonyesha ghala.

Najua pingamizi zitakazotolewa, nazo zinastahili kujibiwa kwa heshima. La kwanza ni usalama: ukitangaza dhahabu ilipo, unawaita majambazi. Ni kweli, na wenye meli walikwisha kukutana na tatizo hilo. Oktoba 2011 maharamia walishambulia katika maji yetu karibu na Mafia, wakati wa utafutaji wa mafuta, na duniani kote nahodha anaruhusiwa kuzima mtambo wake pale anapoona kuutangazia umma mahali alipo kunahatarisha meli. Lakini kuzima kwa saa chache kwa sababu za usalama si sawa na kufunga daftari milele. Dhahabu ya Geita haihitaji kutangazwa ikiwa njiani. Itangazwe ikiwa imefika. Jambazi hana faida na habari ya mwezi uliopita, diwani anayo.

Pingamizi la pili ni siri ya biashara. Hapa nakiri kwamba bei, wateja na mikataba ya usafirishaji vina mipaka yake. Lakini uzito wa mzigo na kiwango cha madini yaliyomo si siri ya kampuni peke yake, kwa sababu madini hayo, kwa sheria zetu wenyewe za mwaka 2017 kuhusu mamlaka ya nchi juu ya maliasili, ni mali ya wananchi. Mwenye mali haombi ruhusa ya kupima mali yake.

Pingamizi la tatu ni kwamba kazi hii tayari inafanywa. Tume ya Madini ina maofisa migodini. Geita ilifunguliwa soko la dhahabu Machi 2019, na mchimbaji mdogo anapata bei inayojulikana na risiti. Tanzania imejiunga na mpango wa kimataifa wa uwazi katika uziduaji tangu 2009, na tunayo sheria ya uwazi na uwajibikaji ya mwaka 2015. Nayathamini yote hayo. Hata hivyo, taarifa za uwazi hutoka kwa jumla za mwaka, tena baada ya muda mrefu. Na kabla ya 2017 palikuwa na wakala wa serikali wa ukaguzi wa madini aliyefanya kazi ile ile ya kupima na kufunga makontena kwa lakiri, akavunjwa kwa kuwa hakuaminika tena. Ofisa anayehesabu peke yake, hata akiwa malaika, hana shahidi wa kumtetea siku atakapotuhumiwa. Daftari la wazi humlinda mwaminifu kama linavyomnasa mwizi.

Wala sidai kwamba mfumo wa meli ni mkamilifu. Kina cha meli na bandari inakokwenda huandikwa na mabaharia wenyewe, na mtu anaweza kuandika uongo. Mitambo huzimwa kwa hila. Nguvu ya mfumo ule haitokani na uaminifu wa kila anayeandika. Inatokana na wingi wa wanaosoma. Meli ikidai kuwa tupu huku imezama hadi shingoni, mtu mwenye picha atauliza.

Waingereza walilitambua hilo tangu karne ya 19, pale Samuel Plimsoll alipopigania sheria ya mwaka 1876 ya kuchora mstari ubavuni mwa kila meli. Mstari ukifunikwa na maji, mzigo umezidi. Hata asiyejua kusoma aliweza kuona akiwa gatini. Nasi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunajua gharama ya kukosa jicho la gatini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba abiria 101, kilipinduka kikikaribia Ukara. Waliokufa ni 228. Vipimo vya kivuko vilikuwepo, vimeandikwa mahali. Havikuwa mbele ya macho ya aliyekuwa akipanda. Tumejenga daraja la Kigongo–Busisi, na tangu Juni 2025 msafiri wa Geita havuki tena hapo kwa kivuko. Lakini visiwa bado vina vivuko, na kipimo kilichofichwa kinaua kama kilivyoua.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, kila kontena la makinikia, kila shehena ya mikuo ya dhahabu na kila kifurushi cha almasi kipewe nambari moja ya kudumu pale kinapotoka lango la mgodi, nambari itakayokifuata hadi kwa myeyushaji au mnunuzi wa mwisho. Pili, kwa kila nambari viandikwe vipimo vitatu bega kwa bega: alichosema mgodi, alichopima ofisa wa serikali, na alichokipata myeyushaji, na pale vinapotofautiana, tofauti ionekane bila kusubiri kamati ya rais. Tatu, daftari hilo liwe wazi kwenye intaneti, na muhtasari wake wa kila robo mwaka ubandikwe kwa Kiswahili katika ofisi za kata zinazozunguka migodi, pale pale yanapobandikwa matangazo ya mikutano ya hadhara. Nne, kila kivuko cha ziwa letu kiandikwe ubavuni, kwa herufi zinazosomeka kutoka gatini, idadi ya abiria na tani kinazoruhusiwa kubeba.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji teknolojia mpya. Lori la kawaida linalopita mizani ya barabarani hupimwa na kuandikwa. Ng'ombe wa mfugaji wa Kishapu amepigwa chapa. Tunachokosa ni uamuzi wa kumchukulia mkazi wa Kakola kama mtu mwenye haki ya kusoma, sawasawa na yule anayeitazama meli ya watu baki katika bahari asiyowahi kuiona.

Kakola, Bugarama na Nyarugusu hawahitaji kuambiwa tena kwamba wamekalia utajiri. Wamelisikia neno hilo tangu wakoloni. Waonyesheni daftari. Wakishalisoma, maswali watayauliza wenyewe, na nadhani hapo ndipo tutakapojua ni nani hasa aliyekuwa akiogopa wasilione.